Majina Asiyoyatamka Bibi Natalia

Mwalimu Agripina alikubali kuwa katibu wa kamati ya bustani kwa sababu siku ya kikao alikuwa amechoka hata kukataa. Alikuwa na vipindi ishirini na sita kwa wiki, miguu ilimvimba kila jioni, na tangu aletwe Hanang kutoka Muleba miaka ishirini na moja iliyopita hakuwahi kupata likizo ambayo haikukatizwa. Mtendaji wa kijiji, Nicodemo, alisimama akasema, "Mwalimu ndiye anayefundisha historia, na mwandiko wake unasomeka." Watu wakapiga makofi. Jambo likaisha hapo.

Bustani yenyewe ilikuwa ndogo, kama uwanja wa netiboli. Ilikuwa mwisho wa kijiji, kata ya Dirma, pale ambapo njia ya zamani ya kwenda Mbulu inaacha tambarare na kuanza kupanda. Palikuwa na rundo la mawe ambalo hakuna mtu aliyechukua mawe yake ya kujengea, hata miaka ile watu walipokuwa wakijenga zahanati. Wote walijua kwamba zamani, wakati wa vita ya Mjerumani na Mwingereza, watu waliokuwa wakilikimbia jeshi walifia hapo kwa baridi na njaa, wakafunikwa haraka, wenzao wakaendelea kupanda. Zaidi ya hapo hawakujua kitu. Kijiji kilizungusha waya na minyaa, kikapanda migrevilea ishirini ambayo tisa kati yake ililiwa na mbuzi, kikajenga mabenchi mawili ya saruji. Kilichobaki ni jiwe la maandishi, na jiwe lilikuwa tayari kwa fundi, mjini Katesh.

Nicodemo alikuwa ameshaandaa maneno: *Kwa kumbukumbu ya raia wasiojulikana waliokufa wakikimbia vita.* Agripina aliyasoma akaona yanatosha. Mwaka ule tope liliposhuka kutoka mlimani likafunika nyumba za Katesh, alikuwa mmoja wa walimu waliokaa mezani kuandika majina ya watu waliokuwa wakitafutwa na ndugu zao. Aliandika kwa siku tisa. Baada ya hapo, kwa miezi kadhaa, alikuwa akiita majina darasani asubuhi na sauti inamkatika katikati, wanafunzi wanamtazama. Kwa hiyo neno "wasiojulikana" halikumuudhi. Lilimpumzisha.

Siku ya Jumatano, Gidahosh akaja shuleni.

Agripina alimfahamu kwa sura tu. Alikuwa Mbarbaig wa miaka sitini na kitu, mrefu, amejifunga shuka jeusi, na alisimama mlangoni mwa ofisi ya walimu na fimbo yake kama mtu asiyetaka kuingia. Ukame uliopita ulikuwa umemmaliza. Alipeleka ng'ombe upande wa Singida kutafuta majani, akarudi na tisa.

"Shikamoo mzee," Agripina akamwamkia.

"Marahaba. Mama amenituma." Akatazama madaftari yaliyopangwa mezani. "Amesikia mtaandika kwenye jiwe kwamba wale watu hawajulikani. Anasema wanajulikana."

"Yeye anawajua?"

"Anasema anawajua."

"Na wewe?"

"Mimi sijui kitu. Babu hakunisimulia. Mimi nilikuwa machungani." Akageuka kuondoka, kisha akaongeza, "Usiniulize mimi mwalimu. Nimeleta ujumbe tu."

Jumamosi Agripina alipanda bodaboda mpaka kwenye boma la Bibi Natalia. Njiani vumbi lilimwingia mpaka kwenye meno. Boma lilikuwa la zamani, uzio wake wa miiba umekuwa mweupe kwa jua, na pembeni yake paliachwa alama za maboma mengine ambayo watu wake walishahama. Alimkuta bibi ameketi kwenye ngozi, kivulini mwa nyumba. Alikuwa na zaidi ya miaka themanini, mwembamba, na bangili za shaba zilikuwa zimemlegea mkononi. Jina la Natalia alilipata uzeeni, alipobatizwa pamoja na wajukuu wawili.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Kaa. Umechoka."

"Nimechoka kidogo."

"Wote tumechoka," bibi akasema, na akamwita mwanawe aje akae, kwa sababu Kiswahili chake hakikutosha kwa maneno aliyokuwa nayo. Gidahosh alikuja, akakaa mbali kidogo, kama mgeni kwenye boma la mama yake.

Bibi alieleza taratibu, Gidahosh akitafsiri. Baba wa marehemu mumewe alikuwa mtoto wa miaka saba hivi jeshi lilipopita. Lilikuwa jeshi la nani, hakujua. Kwa waliokimbia majeshi yote yalikuwa mamoja. Lilichukua ng'ombe na kuwafunga kamba wanaume kuwa wapagazi. Waliobaki walikimbia na watoto kuelekea Mbulu, mvua ikawakuta chini ya mlima bila moto. Yule mtoto aliona wote walioachwa pale. Alikua, akazeeka, akapofuka. Miaka yake ya mwisho Natalia ndiye aliyemlisha. Mke wa mwana hakai uso kwa uso na mkwe wake, basi alikuwa akimwekea chakula, kisha anakaa nyuma ya ukuta wa fito, na mzee anaongea peke yake upande wa pili. Kila siku aliwataja wale watu kwa majina, kwa mpangilio uleule. Wanawe walikuwa machungani na ng'ombe. Aliyesikia alikuwa Natalia tu.

"Kumi na mmoja," Gidahosh akatafsiri.

Agripina akafungua daftari. Kalamu mkononi, akasema, "Basi bibi, anza na wa kwanza. Polepole."

Bibi Natalia akatazama chini. Agripina akafikiri hajasikia, akarudia kwa sauti kubwa zaidi.

"Amekusikia," Gidahosh akasema. "Hawezi kutaja."

"Kwa nini?"

"Ni watu wa upande wa mume. Kwetu mwanamke aliyeolewa hatamki majina ya wakwe zake, walio hai wala waliokufa. Hata neno linalofanana na jina la mmoja wao halitamki. Analizunguka, anatafuta jingine."

"Hata kwa ajili ya jiwe?"

Gidahosh hakutafsiri swali hilo. Alisema tu, "Mwalimu, yeye ana miaka zaidi ya sitini hajayatamka. Leo unataka aanze?"

Agripina aliifunga kalamu. Alihesabu kichwani umbali wa kurudi, karatasi za mtihani zilizokuwa zikimsubiri, na fundi ambaye angeanza kazi Jumatatu. Alitaka kusema asante na kuondoka. Angeondoka kama bibi asingeinua mkono na kuonyesha kibuyu cha maziwa kilichoning'inia mlangoni, na kumuuliza mwanawe jambo kwa lugha yao.

Gidahosh akajibu kwa neno moja.

Bibi akauliza tena. Akajibu neno jingine. Halafu uso wake ukabadilika.

"Anasema nini?" Agripina akauliza.

"Ameniuliza, yeye kile kibuyu anakiitaje. Nikamwambia. Halafu ameniuliza, wake za jirani wanakiitaje." Alijikuna kidevuni. "Kuna neno la kawaida, watu wote wanalitumia. Mama hajawahi kulitumia. Tangu mdogo nilidhani ni namna yake ya kuongea."

Agripina, aliyekuwa ameandika majina ya watoto wa Kibarbaig kwenye rejista kwa miaka ishirini na moja, alijua kwamba mengi ya wavulana huanza na Gida na ya wasichana huanza na Uda. Aliona Gidahosh akilichukua lile neno la kawaida mdomoni, akiliunganisha, akilijaribu. Kisha akalisema jina.

Bibi Natalia aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Alikuwa hajalisikia jina lile tangu mkwe wake afe.

"Andika," Gidahosh akasema.

Ndivyo ilivyokwenda mchana kutwa. Jina la pili lilijificha nyuma ya neno la kiti cha mti. La tatu lilikuwa la mwanamke aliyezaliwa wakati wa nzige, na kwa sababu yake Natalia hakuwahi kuwaita nzige kwa jina lao. Aliwaita "wale walaji". La nne liliwachukua karibu saa nzima. Gidahosh alikosea mara sita, akakasirika, akasema mambo haya ni ya wanawake na yeye hana akili nayo. Mama yake aliendelea kukaa akiisugua ile ngozi kwa kiganja mpaka Gidahosh mwenyewe akakumbuka neno ambalo hakuwahi kulisikia kwa mama yake, ila alifundishwa na watoto wa boma jingine, nao walimcheka kwa kutolijua. Akalitamka polepole. Bibi akaitikia kwa kichwa.

"Gidashang," Agripina akaandika, akamsomea Gidahosh herufi kwa herufi. "Gidabarda. Udamurjanda."

Kati ya jina na jina bibi aliongeza maneno machache. Huyu alikuwa mzee wa boma, alikataa kubebwa. Huyu alikuwa na mimba. Hawa wawili walikuwa mapacha, walikufa siku moja. Agripina aliandika yote hata yale ambayo jiwe lisingeweza kubeba, kwa sababu mkono ulishazoea. Mgongo ulimuuma. Gidahosh alikuwa ameshasogea bila mwenyewe kujua, sasa alikuwa amekaa karibu na mama yake, magoti yao yanakaribia kugusana.

Jua lilipoanza kuingia kivulini, walikuwa na kumi na mmoja.

Agripina alivuta pumzi. "Nimshukuru bibi. Imetosha."

Lakini bibi alisema kitu kwa sauti ndogo, na Gidahosh akachelewa kutafsiri.

"Anasema yuko mwingine. Ila babu alimkataza kumhesabu."

Huyo wa kumi na mbili alikuwa dada wa yule mtoto, msichana wa miaka kumi na mitatu labda. Ndiye aliyembeba mgongoni mpaka juu, wakatembea siku mbili, wakapokewa na nyumba moja ya Wairaqw karibu na Maretadu. Watu wale waliwaficha shambani ndani ya mahindi. Msichana alilala usiku mmoja tu. Asubuhi alimwambia mdogo wake, "Nashuka kumtafuta mama, nikichelewa unisubiri kule kwetu," akateremka. Hakuonekana tena. Hakuwa kwenye rundo la mawe, wala hakuna aliyeukuta mwili wake. Vita ilipokwisha yule mtoto alirudishwa tambarare, akajenga mahali palepale palipokuwa boma la baba yake. Alikataa kuhama maisha yake yote, kwa sababu dada yake alipajua pale tu. Na alipokaribia kufa alimwambia mke wa mwanawe, kupitia ukuta wa fito: huyu usimweke na wafu. Akija, akukute.

Gidahosh alimaliza kutafsiri. Kisha akasimama.

"Ndiyo sababu," akasema kwa Kiswahili, ingawa alikuwa akizungumza na mama yake. "Ndiyo sababu ulikataa."

Agripina hakuelewa, Gidahosh akamweleza bila kumtazama. Ukame ulipoanza alimwomba mama yake wahame pamoja, na mifugo, mapema, wakati njiani bado kulikuwa na maji. Alimwomba mara tatu. Mama alikataa bila kutoa sababu. Gidahosh akabaki wiki saba zaidi akimsubiri abadili moyo, na alipoondoka peke yake ng'ombe walikuwa wameshadhoofu. Thelathini na moja walianguka njiani. Tangu arudi walikuwa wakisalimiana asubuhi na kuagana jioni, hakuna zaidi.

"Ulikuwa unamsubiri mtu aliyekufa kabla baba yangu hajazaliwa," akasema.

Bibi Natalia akajibu kwa Kiswahili chake, taratibu, ili mwalimu naye asikie. "Mimi nilisubiri niliyeambiwa. Yeye alinipa hiyo kazi. Hakunipa mtu wa kunipokea."

"Ungeniambia."

"Ningekuambiaje? Jina siwezi kulitaja. Bila jina ni hadithi ya mwanamke mzee." Alifuta macho kwa ncha ya shuka. "Nimechoka mwanangu. Kila mbwa akibweka natazama njia. Miaka arobaini na tano natazama njia. Mpe mwalimu amwandike."

Gidahosh alitoka nje ya boma. Agripina alimwona akisimama karibu na ng'ombe wake tisa, mkono juu ya mgongo wa mmoja. Alikaa huko muda mrefu. Dereva wa bodaboda alipiga honi ya kumkumbusha mwalimu kwamba giza litawakuta barabarani, naye akamwashiria asubiri.

Aliporudi hakukaa. Alimuuliza mama yake, "Chumvi unaiitaje?"

"Ile ya kule kweupe."

"Na ziwa? Lile la chumvi, Balangida, unaliitaje?"

"Kule kweupe," bibi akasema.

"Udabalang," Gidahosh akasema.

Mama yake alijifunika kichwa chote kwa shuka. Walimsikia akilia ndani yake, bila kelele, kama mtu anayekohoa. Gidahosh alipiga magoti mbele yake, akaweka mkono juu ya shuka pale palipokuwa bega, akaliacha jina lile lipite kwa mara ya pili, polepole zaidi. Baadaye bibi alisema waandike, lakini si kwenye mstari mmoja na wale wa mawe. Chini, peke yake, kwa kuwa yeye alikuwa anarudi.

Jumatatu kabla ya kengele Agripina alimpigia Nicodemo simu.

"Mwalimu, hilo tulishakubaliana," Nicodemo akasema. "Mgeni rasmi ameshapewa tarehe. Fundi ameanza tangu jana."

"Jana ilikuwa Jumapili."

"Alitaka kuwahi. Ameshachonga mpaka 'raia wasio'."

Agripina aliegemea ukuta wa darasa. Kwa muda akafikiri kwamba hiyo nayo ni njia ya jambo kuisha. Kisha akamwomba mwalimu mwenzake amshikie vipindi viwili, akapanda gari la Katesh na daftari lake. Nicodemo alimkuta huko saa tano, amevaa uso wa mtu aliyekuja kugombana. Agripina hakugombana. Alimpa daftari asome. Nicodemo alikuwa Mwiraqw wa Mbulu. Alipofika penye ile nyumba ya Maretadu na shamba la mahindi alirudi akasoma tena. Akamuuliza fundi kama maneno yanaweza kufutwa.

Fundi akasema jiwe halifutwi. Linageuzwa.

Wakaligeuza. Upande wa nyuma ulikuwa haujapigwa msasa, una mikwaruzo ya machimbo, na fundi alilalamika kwamba herufi hazitakaa vizuri. Kweli hazikukaa vizuri. Barda ilipanda juu kidogo kuliko Gida yake, na mapacha walibanana. Lakini yalikuwa kumi na moja, na chini yao, baada ya nafasi ya viganja viwili, lilikuwa moja peke yake.

Siku ya ufunguzi mgeni rasmi alichelewa kwa saa tatu. Watu walikaa juani, wanafunzi wakaimba mpaka wakakaukiwa sauti. Ilipofika wakati wa kusoma majina Nicodemo alimpa Gidahosh kipaza sauti, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeyatamka sawasawa. Aliyasoma bila kupamba, akipumzika kila baada ya jina. Bibi Natalia hakuingia ndani ya uzio. Aliketi nje ya minyaa, mgongo kwa watu, na Agripina alikwenda kukaa naye kwa sababu hotuba zilikuwa bado nne na mabenchi yote mawili yalikuwa yamejaa. Walikaa bega kwa bega. Jina la mwisho liliposomwa bibi hakujifunika uso. Alivua bangili moja, akausugua mkono, akairudisha.

"Limesomwa?" akauliza, ingawa alikuwa amesikia.

"Limesomwa bibi."

Wiki tatu baadaye walihama. Gidahosh alipata mahali penye majani na kisima, mwendo wa siku moja kusini, akamkodia mama yake pikipiki ya matairi matatu kwa sababu hakuweza tena kutembea. Agripina alikuwa akitoka sokoni walipopita. Alisogea pembeni ya barabara akampa bibi mkono, naye bibi akaushika, kisha chombo kikaondoka. Ng'ombe walifuata nyuma kwa miguu, na Gidahosh nyuma yao.

Walifika jioni. Kwa mujibu wa Gidahosh, aliyemsimulia mwalimu baadaye kwenye simu, bibi alikula ugali kidogo, akaelekezwa mahali pa kulala, akalala. Asubuhi jua lilipanda, ng'ombe wakakamuliwa, wakafunguliwa, na bado hajaamka. Wanawake wa jirani waliingiwa na wasiwasi, wakataka kuingia kumwangalia. Gidahosh alikuwa ameshaingia. Alikuwa amesimama kando yake akimsikia akivuta pumzi, nzito na ndefu, mdomo wazi kama wa mtoto.

"Mwacheni," akawaambia. "Hana tena mtu wa kumsubiri."